Kumfuata Bibi Salme kwa miguu mjini Hamburg



Jina la Bibi Salme si geni kwenu. Kila anayepita Forodhani analiona kasri la ufukweni, na wengi tumesikia habari za binti wa Sultani aliyeondoka na Mjerumani. Wazee wengine humtaja kwa sauti ya chini, kwa sababu alitoka katika dini na katika nyumba ya baba yake. Watalii nao huuziwa habari zake kama hadithi ya mapenzi. Leo sitaki kumhukumu wala kumpamba. Nataka tumfuate kwa miguu katika mji aliohamia, Hamburg, kutoka maji ya Alster alikoishi mpaka mto Elbe zilikotia nanga meli za Unguja.

Nilifika Hamburg kwa siku chache kwa shughuli za ushonaji, na siku moja isiyo na kazi nikaitumia kutembea njia hiyo. Kwa mwendo wa pole na kusimama hapa na pale, ni safari ya asubuhi hadi alasiri. Njia ni tambarare, viatu vya kawaida vinatosha.

Niseme mapema kwamba mimi si wa kisiwani. Kwetu ni Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Ufipa. Nalitaja hilo kwa sababu habari za Salme zina ncha tatu: Unguja, Hamburg, na huku bara zilikotoka pembe na watu. Ncha hii ya tatu mara nyingi husahauliwa, na mimi ndiko nilikozaliwa.

Alikotoka

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo kisha akauzwa. Tulishike hilo, maana tutalirudia: mama wa binti huyu wa mfalme alikuwa mtu aliyenunuliwa.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi siku hizo. Kalamu hiyo ilimwingiza matatani mapema. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa ametawala baada ya baba yao. Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyeandika barua za wapangaji. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ndugu wasioaminiana.

Wakati huo alikuwa yatima. Baba alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, na mama alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Lakini hakuwa maskini. Kwa sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake katika urithi, na fungu hilo ni lake yeye. Salme alirithi fedha na mashamba, akayasimamia mwenyewe. Karafuu za mashamba hayo zilikwenda baharini pamoja na nyingine za kisiwa.

Mjini Unguja nyumba yake ilikuwa jirani na nyumba ya kijana mmoja wa Hamburg, Heinrich Ruete, aliyefanya kazi katika kampuni ya biashara. Wakazoeana, kisha wakapendana, na mwaka 1866 Salme akawa mjamzito. Kwa binti wa Sultani jambo hilo lilikuwa hatari ya kifo. Mwezi Agosti mwaka huo alipanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, akafunga ndoa na Heinrich siku hiyo hiyo, na safari ya Ulaya ikaanza. Alikuwa na miaka 22.

Uhlenhorst, kando ya Alster

Tuanze kutembea. Alster ni mto mdogo uliozuiwa kwa boma zamani za kale, ukatanda na kuwa kama ziwa katikati ya mji. Upande wa mashariki kuna mtaa wa Uhlenhorst, na barabara ya ukingoni inaitwa Schöne Aussicht, yaani mandhari nzuri. Nyumba ni kubwa na nyeupe, zimetazama maji. Wazee wanatembeza mbwa, vijana wanakimbia, mashua za matanga zinapita. Hapa Uhlenhorst ndipo Heinrich alipomleta mke wake katikati ya mwaka 1867.

Kama fundi cherehani, kitu cha kwanza nilichofikiria ni nguo. Bibi wa kasri la Unguja alivaa suruali ndefu, kanzu inayofika juu ya kifundo cha mguu, shungi, na barakoa usoni mbele ya wageni. Mwanamke wa Hamburg wa mwaka 1867 alifungwa kiuno kwa korseti, akavaa sketi pana iliyotanuliwa kwa fremu ya vyuma, na uso wake ukawa wazi kwa kila mpita njia. Aliyewahi kumpima mtu nguo anajua kwamba vazi hubadilisha pumzi na mwendo. Salme alibadilisha vyote kwa pamoja, pamoja na lugha, chakula, hali ya hewa na jina. Na watu wa mji walimtazama kama kitu cha maonyesho.

Alizaa watoto watatu mfululizo: Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Watoto hao walipewa pia majina ya nyumbani kwao mama. Antonie aliitwa Thawka, Rosalie akaitwa Ghuza. Said, aliyeitwa pia Rudolph, alibeba jina la babu yake.

Agosti mwaka 1870 Heinrich alipata ajali ya tramu ya farasi, akafariki. Salme hajatimiza miaka 26. Mtoto mkubwa hajafika miaka mitatu, mdogo ni wa kunyonya. Na hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo lilinifanya nikae kwenye benchi la ukingoni kwa muda.

Unguja, akiwa msichana, Salme alikuwa na mali iliyoandikwa kwa jina lake na aliisimamia. Hamburg, mji uliojiita wa maendeleo, haukumwachia mjane mali yake aisimamie peke yake. Waliwekwa wasimamizi wanaume juu yake na watoto wake. Fedha zikapungua, nyingine zikapotea. Na kule nyumbani mlango wa urithi ulikuwa umefungwa, kwa sababu aliyetoka katika Uislamu harithi kwa Mwislamu. Kwa hiyo alibanwa na sheria za pande zote mbili. Bara alikuwa mwanamke, kisiwani alikuwa aliyetoka.

Wako wasemao alijitakia. Inawezekana. Lakini watoto wale watatu hawakujitakia kitu, na yeye aliwalea. Aliondoka Hamburg, akahamia miji mingine ya Ujerumani ambako maisha yalikuwa nafuu, akafundisha Kiarabu ili kupata riziki. Kalamu aliyojifunza kwa siri ya kujibanza, kwenye mfupa wa ngamia, ndiyo iliyowalisha wanawe.

Kuelekea mjini, nyumba yenye tembo

Kutoka Uhlenhorst unafuata maji kuelekea kusini. Alster kubwa inapita chini ya madaraja mawili na kuwa Alster ndogo, na mwisho wake ni barabara ya Jungfernstieg. Hapo ndipo familia za wenye nacho zilipokuwa zikitembea jioni ili zionekane. Ukivuka na kupita nyuma ya jengo kubwa la serikali ya mji, baada ya dakika chache unafika barabara ya Große Reichenstraße. Pale namba 27 kuna jengo liitwalo Afrikahaus, yaani nyumba ya Afrika.

Lilijengwa mwaka 1899 na kampuni ya Woermann, kampuni kubwa ya meli na biashara na Afrika. Mlangoni amesimama shujaa wa Kiafrika wa shaba, na ndani ya ua kuna tembo wawili. Kampuni ya meli za Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890 na kuleta meli zake Tanga, Unguja na Dar es Salaam, nayo ilikuwa ya kundi hili.

Lakini biashara ya Hamburg na Unguja ni ya zamani kuliko jengo hilo na kuliko ukoloni. Kampuni ya O'Swald ilianza shughuli Unguja mwishoni mwa miaka ya 1840. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid. Na je, mnajua bidhaa gani iliwatajirisha mwanzoni? Ni kauri, zile simbi ndogo za pwani ambazo watoto wetu wanachezea bao. Meli za Hamburg zilizibeba kwa tani mpaka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mfanyabiashara wa Ulaya aliokota fedha ya watu wengine kwenye ufuko wetu!

Baada ya kauri zikaja pembe za ndovu. Hamburg palikuwa na wafanyabiashara wakubwa wa pembe, kama kampuni ya Heinrich Adolph Meyer. Pembe ziligeuzwa kuwa vitana, mipini ya visu, mipira ya biliadi na vibao vya kinanda. Na hapa ndipo ncha ya tatu ya habari inapoingia, maana pembe haikuotea Unguja.

Ilitoka bara. Ilitoka Manyema ng'ambo ya ziwa letu, Itabwa upande wa kusini, na nchi zilizotuzunguka. Misafara ya watu wa pwani ilipita Ufipa na kulivuka ziwa. Kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ni takriban kilomita 1,200, na hapakuwa na gari wala punda wa kutegemewa, kwa ajili ya mbung'o. Kila pembe ilibebwa na bega la mtu. Wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, watu wa kazi na heshima yao. Wengine walikuwa wamefungwa kamba na minyororo, na mwisho wa safari waliuzwa pamoja na mzigo.

Kuna jambo moja tunalolisahau hata sisi wenyewe. Ufipa ilikuwa nchi ya wafumaji. Wazee wetu walilima pamba, wakaisokota, wakafuma nguo nzito kwa mikono, na wasafiri wa Kizungu waliopita karne ya 19 waliiandika sifa yake. Kisha ikaja merikani, kitambaa cha viwandani kutoka Marekani kilichoingia kupitia Unguja, halafu vitambaa vya Uingereza na India. Kwenda, kulikuwa na pembe na watu. Kurudi, kulikuwa na kitambaa. Ufumaji wetu ukafa polepole. Leo mimi nashona vitenge vilivyofumwa nchi nyingine, na wateja wangu wa Wampembe hawajui kwamba bibi zao waliwahi kuvaa nguo iliyozaliwa milimani juu yao.

Mnara uliobaki na maghala ya matofali

Ukiendelea kusini kidogo unakutana na mnara mrefu mweusi usio na kanisa. Ni mnara wa Mtakatifu Nikolai, mita 147, ambao kati ya mwaka 1874 na 1876 ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Kanisa lenyewe liliharibiwa katika mashambulizi ya ndege ya Julai 1943, ambayo yaliua makumi ya maelfu ya watu wa Hamburg kwa siku chache. Waliacha magofu yale kama ukumbusho. Mji huu pia umezika watoto wake, na niliona vyema kusimama kimya pale kama mgeni anavyosimama kwenye msiba wa jirani.

Kisha unavuka daraja na kuingia Speicherstadt, mji wa maghala. Ni mistari mirefu ya majengo ya matofali mekundu, yamesimama juu ya nguzo zilizopigwa chini ya maji, katikati yake mifereji. Juu ya kila ghala bado kuna kapi na ndoano ya kupandishia magunia. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1888. Ili yajengwe, watu zaidi ya 20,000 waliokaa hapo walihamishwa, wengi wao wa kipato cha chini. Mwaka 2015 maghala haya yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kama Mji Mkongwe wenu ulivyoingizwa mwaka 2000.

Humo zilihifadhiwa kahawa, chai, mazulia na viungo. Leo kuna makumbusho ya viungo, na harufu unayokutana nayo mlangoni ungeitambua hata ukifumbwa macho. Karafuu. Mtu wa Unguja au Pemba angedhani yuko nyumbani wakati wa mavuno.

Nilijiuliza pale: karafuu za Salme zilichumwa na nani? Jibu tunalijua. Mashamba ya Unguja na Pemba yalijaa watumwa kutoka bara, kutoka pande za Nyasa, Manyema na nchi za ziwa letu. Salme mwenyewe, katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa Berlin mwaka 1886, aliutetea utumwa wa kwao. Alisema Wazungu hawaujui, kwamba watumwa wa Unguja waliishi vizuri kuliko maskini wengi wa Ulaya. Aliyaandika hayo akiwa binti wa mama aliyetekwa na kuuzwa.

Hilo ndilo gumu la habari hii, dada zangu, na silifichi. Nikimtazama mjane wa miaka 25 kwenye ukingo wa Alster, moyo unaniuma kwa ajili yake. Nikimtazama mwenye shamba la karafuu, nawakumbuka mabinti wa mwambao wetu ambao walipita Bagamoyo na hakuna aliyeandika majina yao. Wao pia walibadilishiwa nguo, lugha, dini na jina. Wao pia hawakurudi. Tofauti ni kwamba hawakuwa na kalamu. Nimejaribu kuchagua upande mmoja na nimeona si lazima. Machozi ya Salme ni ya kweli, na ya wale nayo ni ya kweli, na anayetaka kuyajua ya Salme hana budi kuuliza na ya wale.

Gati za Elbe

Kutoka kwenye maghala unafuata ukingo wa Elbe kuelekea magharibi, kama dakika ishirini na tano hivi, mpaka Landungsbrücken, gati zinazoelea za mji. Elbe ni mto mpana, na bahari iko kama kilomita mia moja mbele, lakini maji yanapanda na kushuka kama Kizingo wakati wa bamvua. Meli kubwa za makontena zinapita karibu kiasi kwamba unasoma majina yake.

Sisi wa Wampembe tuna jambo letu na bandari hii. Meli ya Liemba, ambayo kwa miaka mingi ilishusha abiria na mizigo kwetu, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen. Iliunganishwa kwanza kule, ikafunguliwa tena vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku 5,000 na kupitishwa Hamburg kwenda Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915 kama meli ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasimwachie adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa letu. Bibi zetu walipanda meli hiyo na ndoo za dagaa wakienda Kigoma au Mpulungu, bila kujua kwamba vyuma vile vilianzia safari kwenye mto huu.

Jiwe la Bismarck

Juu ya gati, kwenye kilima chenye miti, amesimama Bismarck. Ni sanamu ya mawe yenye urefu wa mita 34, iliyozinduliwa mwaka 1906, mikono juu ya upanga. Wenyeji wa Hamburg wenyewe wamekuwa wakibishana wafanye nini nayo. Mimi nilimtazama nikakumbuka mwaka 1885.

Salme alikuwa amedai haki yake kwa miaka mingi. Barghash, kaka ambaye zamani alimwandikia barua za njama, sasa alikuwa Sultani, na hakutaka kumsikia. Salme akaomba msaada kwa serikali ya Ujerumani. Wakati huo huo Karl Peters alikuwa amepita Usagara na nchi jirani akikusanya mikataba, na Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alitaka Barghash akubali kwamba nchi hizo ni za Wajerumani. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, na Salme na watoto wake wakaletwa na meli. Alikuwa raia wa Ujerumani, na dada wa Sultani. Kumgusa kungekuwa kisa cha vita.

Barghash akakubali madai ya Wajerumani juu ya bara. Madai ya Salme hayakushughulikiwa. Aliona mji wake, alisalimiwa na watu barabarani, lakini kaka hakumpokea. Alirudi tena mwaka 1888, na mara hiyo pia hakufanikiwa.

Kwetu Rukwa matokeo yalionekana kwa mawe. Kasanga, kusini mwa Wampembe kwenye mwambao huo huo, Wajerumani walijenga ngome na kuipa jina: Bismarckburg. Mwanamke alikwenda kudai shamba lake, na mtu aliyemsindikiza akaondoka na nchi ya wengine. Kwa sisi tunaofanya biashara, tunaodai mirathi, tunaotafuta wadhamini na mikopo, hapo pana la kuzingatia. Haki yako inaweza kuwa haki kweli. Lakini mwenye nguvu anapokubali upesi kukusaidia, uliza anakwenda kuchukua nini huko unakompeleka, na kwa nani.

Kaburi la Ohlsdorf

Sehemu ya mwisho haifikiki kwa miguu kutoka gatini. Nilipanda treni mpaka makaburi ya Ohlsdorf, kaskazini ya mji, moja ya maeneo makubwa ya makaburi duniani, yenye miti kama msitu. Baada ya mwaka 1888 Salme aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, mahali ambapo aliisikia tena adhana na kuongea Kiarabu sokoni. Vita ya mwaka 1914 vilimkuta amerudi Ujerumani. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, na majivu yake yakazikwa hapa katika kaburi la ukoo wa Ruete. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Katika barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, aliandika kwamba alibatizwa bila kufundishwa vya kutosha, akaachwa katikati ya imani mbili. Sisi wa dini zote tunaopenda kuhesabu waliokuja kwetu na kuwalaani waliotutoka, tungefaa kuisoma sehemu hiyo polepole. Mtu hahamishwi moyo kwa siku moja, na aliyeingia nyumbani kwako anahitaji mwenyeji zaidi ya cheti.

Salme alitengewa chumba chake katika makumbusho ya kasri, palepale Forodhani. Nafurahi. Ombi langu kwenu mlio karibu ni dogo. Mkiwapeleka watoto Forodhani, msirudi nyumbani moja kwa moja. Tembeeni nao mpaka Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, dakika chache tu kwa miguu. Waambieni kwamba wanawake wa sehemu zote mbili ni wa habari moja. Na aliye na bibi mwenye asili ya Manyema, Unyasa au ziwa, amkalishe chini amuulize jina la mama wa mama yake, aliandike. Salme tunamjua kwa sababu aliandika. Wengine bado wanaweza kuandikiwa, maadamu yuko anayekumbuka.

Mungu awarehemu wote waliovuka maji wasirudi. Kwaherini kwa leo, dada zangu.